Hatari Tuliyomficha Rupa

Kaka yangu Dhiren ni mkaidi, na hilo namwambia usoni tangu utoto. Tulizaliwa Nakuru, tukazeekea Southall, kwa Waingereza, na tukitaka kugombana tunagombana kwa Kiswahili ili watoto wasielewe. Kigujarati wanakisikia, Kiingereza ndicho chao. Kiswahili tumebaki nacho sisi wazee, kwa matusi na siri.

Ijumaa moja ya Februari alikuja kumchukua Rupa, binti yangu wa miaka ishirini na mitatu, waende Ufaransa kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vya miguuni, milimani, mbali na njia zinazolindwa. Mimi nilikuwa nasoma taarifa za theluji kwenye simu wiki nzima. Theluji ya chini ilikuwa imelegea, chembechembe kama sukari, na juu yake upepo umelaza tabaka zito. Mtu mmoja akikanyaga pabaya, mteremko wote unashuka naye.

"Taarifa inasema hatari ni daraja la tatu kati ya tano," Dhiren akasema, mdomo umejaa dhokla, vitafunio vya dengu nilivyompikia. "Ni katikati tu, Kokila. Acha uchuro."

Uchuro! Damu ilinichemka. Nikamwambia hiyo tatu ndiyo inayozika watu, kwa sababu majuha kama yeye wanaiona ndogo. Nikamwambia asithubutu kumpitisha mwanangu penye mteremko mkali. Tulirushiana maneno mpaka akanyoosha mikono, akaapa watapita mabondeni tu. Rupa, aliyekuwa anafunga begi, akauliza kuna nini. Nikamjibu tunabishana habari za harusi ya jamaa huko Leicester. Sikutaka aende na hofu.

Jumapili theluji ilimfukia.

Dhiren alikuwa amesimama bondeni anakaza kiatu. Naye pia hakuwa amemwambia Rupa kitu kuhusu hatari ile, alidhani atamchunga mwenyewe. Rupa akaona mteremko mweupe, mzuri, akaukatiza peke yake kwenda kupiga picha. Tabaka likavunjika. Dhiren alimtafuta kwa kile kifaa cha mawimbi wanachovaa kifuani, akamchimbua kwa koleo. Dakika kumi na moja. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, lakini alikuwa anapumua.

Nilikwenda uwanja wa ndege nimejaa sumu. Walipotokea tu nikamvamia Dhiren, nikamwita muuaji, watu wanatutazama. Macho yalikuwa yamemvimba. Rupa akaingia katikati yetu, mkono umefungwa kifuani, akasema kwa Kiingereza, polepole:

"Ameniambia mlichokuwa mnagombania. Ulijua wiki nzima, Mama, ukamwambia yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuikanyaga ile theluji."

Nikasema sikutaka aogope.

"Ningeogopa," akasema, "na nisingepita pale."

Kisha akamwomba Dhiren ampeleke kwake, si kwangu. Nilirudi Southall peke yangu. Hii ni wiki ya tatu, na Rupa hapokei simu yangu.