Baiskeli Aliyoitafuta Bi Haneke

Mie ni mtoto wa fundi baiskeli wa Mkunazini, Unguja, na baiskeli chafu siiwezi. Baba alikuwa haachi baiskeli ya mtu itoke kibandani mwake mpaka rimu zing'ae, cheni ilowe mafuta, na kwenye usukani afunge riboni na maua ya plastiki. Kwetu baiskeli ni kama bibi harusi, haitoki bila kupambwa. Basi niambieni nyie, ningejuaje kwamba duniani kuna watu wanaoichafua baiskeli yao kwa makusudi?

Bi Haneke alikuwa Mholanzi wa miaka themanini. Nilimtunza mwaka 1998, hapa Alexandria ya Marekani, kwenye fleti yake ya ghorofa ya nne. Nikifika asubuhi, nikiondoka jioni. Nikimwogesha, nikimlisha, nikimpa dawa, nikimtembeza. Usahaulifu ulikuwa umeshamla. Mwanawe, Ferdinand, alikuja kila Jumapili, na kila Jumapili mama yake alimdhania fundi umeme, akimuuliza taa ya jikoni itatengenezwa lini. Mie alinipa jina jipya kila siku. Mara Lotte, mara Dada, siku moja kaniita Daktari, nikaitika.

Lakini baiskeli yake aliijua.

Ilikaa chumba cha chini ya jengo, pamoja na baiskeli za wapangaji wengine. Ilikuwa nyeusi, ndefu, nzito, ya kike, yenye keria pana nyuma. Na juu ya weusi wake, kuanzia usukani mpaka madigadi ya nyuma, ilimwagikiwa rangi ya kijani, mabaka na michirizi, ovyo ovyo, hata kiti hakikusalimika. Mie kila nikiiona nilikuwa naumwa na macho.

Kila asubuhi baada ya chai tulishuka kwa lifti. Bi Haneke alikuwa akiingia chumbani mle, anaweka kiganja chake juu ya baka kubwa lililokuwa karibu na kiti, anasema, "Upo." Na hapo wallahi akili ilimrudi. Alikuwa akikaa kwenye kistuli nilichomwekea, akinihadithia Utrecht ya ujana wake, na sauti yake inakwenda taratibu, mpaka nami nausahau ukuta wa saruji ulio mbele yangu. Ananihadithia mvua laini inanyesha, na mji mzima uko juu ya baiskeli. Mawakili wamevaa suti, mikono miwili ina kazi, mmoja usukani mmoja mwavuli. Mama ana mtoto mbele na mtoto nyuma na kapu la viazi. Wachumba wanakwenda sambamba wameshikana mikono, na hakuna anayewashangaa. Kisha stesheni ya treni, baiskeli maelfu zimelaliana, na kila mtu anakwenda moja kwa moja kwenye yake.

"Na mimi na Walter tulikuwa na moja tu," alikuwa akisema. "Yeye anapiga pedeli, mimi nimekaa upande keriani, mkono wangu kiunoni mwake. Tunakwenda kandokando ya mfereji."

Walter alikuwa mumewe, Mmarekani aliyekwenda kusoma kule. Alishafariki zamani.

"Hata kwetu Unguja wanawake tunapakiwa hivyo hivyo," nikamwambia. "Tunakaa upande, buibui tumelikusanya lisiingie kwenye spoki."

"Basi wewe ni wa kwetu," akasema, akanipiga piga mkono. Nilimpenda, sifichi. Mamangu nilimwacha Unguja miaka tisa nyuma, na mikono ya Bi Haneke ilikuwa na madoa kama yake.

Ferdinand alinieleza mapema. "Daktari anasema maadamu kuna kitu bado anakijua, abaki nyumbani kwake. Siku akikipoteza na hicho, sina budi nimpeleke mji wa Columbia, kwenye nyumba ya wazee."

"Usiwe na wasi," nikamjibu. "Mie Ummu nipo." Kiherehere changu hicho!

Ikafika Aprili, siku yake ya kuzaliwa imekaribia. Nikasema nimfanyie jambo. Mchana akilala, Serah alikuwa anakuja kumpima presha. Serah ni nesi, Mkenya wa Nyeri. Nikamwomba abaki naye kidogo, mie nikateremka na msasa, tina ya rangi nyeusi na mafuta ya kusafishia. Siku tatu nilisugua. Vidole vilinichubuka, nikawa naimba peke yangu.

"Wee Ummu, si ungemuuliza mwenyewe kwanza?" Serah akaniambia, alipoona kucha zangu zimejaa kijani.

"Niulize nini? Kwani uchafu una mwenyewe?"

"Haya, sawa. Mimi sisemi kitu."

Jumamosi baiskeli ilikuwa inang'aa hata unaweza kujitia wanja ndani yake. Rimu zinameta, riboni nyekundu kwenye usukani, maua mbele. Baba angelia kwa furaha. Ferdinand alikuja na keki, tukashuka wote watatu, mie natangulia, kifua mbele.

Bi Haneke aliingia, akaipita baiskeli yake. Akaenda mpaka mwisho wa chumba, akarudi, anazitazama moja moja.

"Iko wapi?"

"Hii hapa, Bi Haneke. Itazame ilivyopendeza!"

Akaitazama kwa adabu. "Nzuri sana," akasema. "Lakini hii ya mtu. Yangu imeibiwa."

Hakulia. Aliyasema kama mtu aliyekuwa akilitarajia jambo hilo miaka mingi, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Ferdinand alibadilika rangi. Alinivuta ukumbini, akanieleza, polepole. Walter aliibiwa baiskeli tatu mwaka mmoja kule Utrecht. Ya nne alimnunulia mchumba wake, na siku hiyo hiyo akaimwagia rangi ya mlango iliyobaki, ili mwizi asiitamani. Mjini kule ndivyo wafanyavyo wengi, kadiri baiskeli ilivyo mbaya ndivyo inavyodumu. Na kwa kijani hicho Bi Haneke aliiona baiskeli yake katikati ya maelfu, kila siku ya Mungu, kwa miaka, mpaka wakahamia nayo huku.

"Ummu," akasema, "mkono wa baba yangu ndio ule."

Astaghfirullah. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Siku tatu nilikaa namsugua marehemu wa watu kwa msasa, huku naimba.

Nikanunua rangi ya kijani nikajaribu kuyarudisha mabaka. Bi Haneke akayaona. "Mtu amejaribu kuiiga yangu," akasema kwa huruma. Nikayafuta.

Tangu siku hiyo tukawa tunaitafuta. Kila asubuhi baada ya chai aliniambia tutoke tukaangalie, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa dhaifu, nilimpa kitu cha kuegemea. Nilimpa nini? Ile ile baiskeli. Mie nashika usukani upande huu, yeye anashika upande ule, anatembea. Tukawa tunaizunguka Alexandria kuitafuta baiskeli tuliyoishikilia mikononi. Tulikwenda mbele ya maktaba, mbele ya duka la vyakula, kwenye vyuma vya kuegeshea pale stesheni ya treni, ambapo zilikuwepo nne au tano, na moja haina gurudumu. Aliinama akazitazama, akazigusa viti, akatikisa kichwa.

Kisha tulirudi kwa njia ya kijitoni. Asubuhi zile zilikuwa na ukungu, na miti imechanua meupe, maua yanaanguka bila sauti, yanatua juu ya maji na juu ya mabega yetu. Magari ya barabara kuu yalisikika mbali, kama yako nchi nyingine. "Pengine iko daraja la pili," Bi Haneke alikuwa akisema, na kijito chetu kimeshakuwa mfereji. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha. Baadaye niliacha. Kuna asubuhi nilizisikia kengele za baiskeli nyingi nyuma yetu kwenye ukungu, nikasogea pembeni kuwapisha, na hapakuwa na mtu.

Lakini hatia haikunipa usingizi. Bi Haneke alikuwa hatulii tena. Alisimama dirishani akiuliza kama polisi wamekuja. Hakuna kitu alichokijua tena sasa. Mwisho wa Mei Ferdinand alinipigia simu: nafasi imepatikana Columbia, mama yake atahama Jumatatu.

Ijumaa ikawa matembezi yetu ya mwisho. Tulifika kijitoni, akaniuliza kama kawaida, "Unadhani nani kaichukua?"

Nikashindwa kujizuia.

"Ni mimi, Bi Haneke. Mimi ndiye niliyeichukua. Nisamehe."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa ya buluu, yaliyofifia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya keki yaliniangalia mie, si mtu mwingine.

"Wewe?"

"Mimi." Machozi yananitoka, sijali tena. "Nilidhani nafanya wema."

Ua moja lilimwangukia nyweleni.

"Unakaa mbali na kazini?" akaniuliza.

"Mabasi mawili."

"Basi ulikuwa na haja nayo," akasema. "Ungeniomba tu. Ningekupa. Ichukue, ni yako. Ila uitumie, usiiweke ndani."

Nilitaka kumwambia sivyo, nimweleze msasa na rangi na riboni. Lakini alishamaliza neno lake, na uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyetua mzigo. Akaitazama baiskeli niliyoishika. Kisha akasema amechoka, miguu haimbebi.

Nikatia stendi. Nikamkamata kwapani, nikampandisha keriani, upande, kama tunavyopakiwa kwetu. Nikalikusanya gauni lake lisiingie kwenye spoki. Nikaondoa stendi, nikainamia usukani, nikaanza kuisukuma taratibu kwenye njia, ukungu umetufunika huku na huku.

Mkono wake ukanizunguka kiunoni, haukuuliza njia. Shavu lake likanilalia mgongoni. Nilihisi mwili wake unaachia, kiungo baada ya kiungo, na keria inanesa chini yake, na yeye ananesa nayo.

"Walter," akaniita.

"Naam," nikaitika.

"Kuna mtu kaichukua baiskeli yetu."

"Najua."

"Usimkasirikie. Ni mtu mwema, anakwenda nayo kazini. Nimempa."

"Umefanya vizuri, mpenzi," nikasema, na nikaendelea kusukuma.