Mti wa Mai Uliochanua Mwezi wa Kumi

Asubuhi ya pili baada ya Luan kufa, Thoa alichana karatasi ya kalenda. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe. Kila kukicha aliichana karatasi ya jana, akaigeuza, akaandika nyuma yake bustani imefanya nini. "Mbalungi umetoa maua, nyuki wengi." "Mshokishoki wa tatu bado, umenuna." "Msufi umepukutisha majani, kiangazi kimekaa." Karatasi za miaka kumi na minne zilijaa ndani ya makopo ya biskuti juu ya kabati, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa makopo hayo kwa mikono yenye maji.

Thoa aliandika: "Mwezi wa saba, siku ya kumi na moja. Mvua. Mlangilangi unanukia." Hakuandika kwamba moyo wa Luan ulisimama akiwa juu ya ngazi, mkasi wa kupogolea mkononi. Aliona hilo si la bustani.

Kabla jeneza halijatoka getini, baba mkwe wake, mzee Khiem, alichana jora la kitambaa cheupe vipande vipande. Kila mti ulifungwa kipande kiunoni: minazi, mipopoo, mishokishoki, miduriani, hata mstafeli uliozeeka usiozaa. Ndivyo inavyofanywa kwenye mashamba yale ya kando ya mto. Mti usioambiwa kuwa mwenyewe amefariki humfuata. Hakuna anayetaka kujaribu aone kama ni kweli.

"Wa mai wa pale jikoni ufunge wewe," mzee Khiem alimwambia. "Luan aliupanda siku mwanenu Diep alipozaliwa. Shika, nimekuachia kipande cha mwisho, kipana."

Thoa alikichukua. Akasimama mbele ya mti ule, nao umejaa majani ya kijani, kwa kuwa mai huchanua mara moja tu kwa mwaka, siku za Tet, mwaka mpya unapoingia. Alisimama mpaka waliobeba jeneza wakamwita. Kitambaa kikaingia mfukoni mwa blauzi.

"Umeufunga?" mzee akauliza jioni.

"Nimeufunga, baba."

Usiku huo ilinyesha mvua kubwa, vitambaa vingi vikaanguka matopeni. Hakuna aliyehesabu.

Mwezi wa nane ukapita, na wa tisa. Thoa alipika, alifua, alichana karatasi. "Yungiyungi wa mtaro wa pili wamefunguka." "Asumini imeisha." "Mpopoo umedondosha kole." Macho yake yaliona na mkono uliandika, lakini katikati ya jicho na mkono hapakuwa na mtu. Mwanawe Diep, mwenye miaka tisa, akirudi kutoka shule, Thoa humwuliza, "Umekula?" Mtoto hujibu, "Nimekula." Basi na hilo huandikwa: "Diep amekula."

Yapo ambayo hayakuandikwa. Luan alikuwa akifungua kila siku mlango wa mbao wa mtaro, maji ya mto yakipwa, ili maji ya bustani yatoke na udongo upumue. Mlango ule sasa ulikaa umefungwa, na mgongo wa mzee Khiem haukumruhusu kuinama. Chini ya mti wa mai palikuwa na mitungi mitatu mikubwa ya maji ya mvua. Luan aliifunika, na ndani ya kila mmoja alifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Vifuniko viliazimwa siku ya matanga kufunikia vyungu vya supu, havikurudi. Samaki walikufa, wakatolewa kwa kata, wakatupwa.

Mwezi wa kumi, Diep akarudi kutoka shule na homa. Mwili ulikuwa moto kama sufuria. Kichwa kinauma, macho yanauma nyuma, mifupa inauma. Thoa alimpa dawa ya homa, akamkanda kwa maji, akaandika: "Mvua inapungua. Diep ana homa."

Chin alikuja. Huyu alikuwa jirani, mjane wa miaka mingi, mdomo wake haujui kufungwa. Alikuja na sarafu ya zamani na chupa ya mafuta.

"Upepo umemwingia huyu. Geuka, kijukuu. Nikikukwangua vizuri, kesho utapanda mnazi."

"Shangazi, inauma."

"Iache iume. Mimi nilizaa sita bila sindano, wewe sarafu tu inakuliza?"

Akamkwangua mgongo na shingo mpaka michirizi myekundu ikasimama kama matuta ya viazi. "Unaona wekundu huu? Ni upepo unatoka. Usipokuwa mwekundu ndiyo uogope."

Siku ya pili homa ilibaki palepale. Siku ya tatu asubuhi Thoa alipofungua mlango wa jikoni aliona njano. Majani ya mti wa mai yalikuwa yamedondoka yote, yameelea kwenye mitungi, na matawi yalikuwa yamejaa maua, hayana hesabu. Miezi miwili na zaidi kabla ya Tet.

Majirani walipita kuutazama. Mmoja alipiga picha. Chin alipiga makofi.

"Luan hajaondoka! Amekuletea Tet mapema, ujinga wako ni kukaa na uso kama ubao. Cheka kidogo, mwenzangu, hata kwa upande mmoja!"

Thoa alijaribu upande mmoja. Haukuja. Akaandika: "Mai umechanua. Maua tele."

Asubuhi ya nne homa ilishuka. Paji la uso la Diep lilikuwa baridi, likitoka jasho. Aliomba uji na yai la chumvi, akala vijiko viwili.

"Nilikwambia nini?" Chin akasema. "Mti umechanua, homa imekimbia. Sasa nakwenda zangu sokoni, nisije nikaposwa hapa bure."

Thoa alikusanya shuka za jasho akazipeleka kufua. Kitu kama furaha kilipita karibu yake, akakisikia kikipita, kikaenda.

Hapo mzee Khiem akaja na bakora yake. Alikuwa hajafika jikoni tangu maua yatoke. Aliutazama mti muda mrefu, wala hakutabasamu.

"Nani aliunyonyoa majani?"

"Hakuna, baba. Yamedondoka yenyewe."

"Mai hunyonyolewa majani kwa mkono, katikati ya mwezi wa kumi na mbili, ndipo uchanue Tet. Mti unaojinyonyoa wenyewe una jambo. Nipe kisu."

Alikwangua gome. Chini yake palikuwa na rangi ya chai. Akachomeka fimbo ya mwanzi shinani, ikazama bila kupigwa, na alipoichomoa ilitoa harufu ya bwawa.

"Uliufunga kitambaa kweli?"

Thoa aliikunja shuka iliyolowa, akaikamua. Mzee akaitupa fimbo ya mwanzi. Kisha akasema, pole pole, bila ukali, "Si kitambaa. Ni maji. Mtaro haukufunguliwa. Katazame Luan aliandika nini mwaka ule wa mshokishoki wa ukingoni. Watu walimpongeza, nikamcheka, akanicheka."

Thoa alipangusa mikono, akashusha kopo. Alipata karatasi ile, wino umefifia. "Mshokishoki wa ukingoni umechanua nje ya msimu, maua kuliko miaka yote. Wote wamefurahi. Nimechimba, mizizi imeoza. Mti ukifurahi bila sababu, usiutazame kichwani. Ushike miguu."

Aliisoma akiwa wima. Hakuwaza kitu cha maana. Miguu yake tu ilimpeleka kitandani, mkono wake ukaingia chini ya blanketi, ukashika mguu wa Diep.

Ulikuwa baridi. Haikuwa baridi ya mtoto aliyetoka majini. Ilikuwa baridi ya kitu kilichowekwa chini.

"Diep."

"Tumbo, mama," mtoto akasema bila kufungua macho. "Nataka kulala."

"Fungua mdomo." Kwenye ufizi palikuwa na uzi wa damu. Akafunua blanketi. Kwenye miundi ya miguu yote miwili palikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano, vingi. Alivibonyeza, havikufifia.

Chin alikuwa bado getini, ndiyo kwanza amemaliza kupiga soga na wapita njia, anawasha pikipiki.

"Chin! Ulimkwangua na miguuni?"

"Miguuni? Nani anakwangua miguu? Mgongo na shingo, basi. Unaniuliza kama askari?"

"Ana wekundu miguuni."

Mdomo wa Chin, usiojua kufungwa, ulifungwa. Alizima pikipiki, akaiwasha tena, akaigeuza. "Mlete," akasema. "Mlete hivyo hivyo na blanketi."

Walimweka mtoto katikati. Thoa aliinama juu ya mgongo wa Diep njia nzima, akipitisha mkono kwenye nyayo zake, na nyayo hazikupata joto. Pembeni mwa barabara miti ya watu ilipita: mibalungi, miduriani, yote ya kijani, yote kwa wakati wake.

Daktari wa hospitali ya wilaya alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kutolala. Alibonyeza kucha ya Diep, akahesabu kimya, akaita wauguzi wawili.

"Kidingapopo, homa iletwayo na mbu. Homa imeshuka lini?"

"Leo asubuhi."

"Mkafurahi."

"Tulifurahi," Thoa akasema.

"Kila msimu wa mvua naletewa watoto waliofurahiwa. Homa ikishuka siku ya tatu, ya nne, ya tano, ndipo damu inapoanza kuvuja maji ndani. Hapo ndipo pa kumkeshea mtoto, mama, wala si pa kufua shuka. Ulimpa dawa gani?"

Thoa alitaja.

"Afadhali. Ile nyingine ya maumivu, inayozidisha kutoka damu, ingemmaliza. Ungengoja mpaka jua lizame..." Hakumalizia. Alikuwa ameshapata mshipa.

Maji yalidondoka kwenye mrija siku tatu. Siku ya pili, mchana, Diep alikojoa, na muuguzi akatangaza jambo hilo wodi nzima kama tangazo la harusi. Chin alilia mpaka pua ikaziba. Thoa alikaa kwenye stuli, mkono juu ya mguu wa mtoto. Mguu ulikuwa umepata joto. Alijua ni jambo la kumshukuru Mungu. Alilijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika.

"Huyu mama halii," muuguzi mmoja alinong'ona.

"Mwache," Chin akajibu, akipenga. "Atalia zamu yake ikifika. Leo ni zamu yangu."

Waliporudi nyumbani Thoa hakukaa. Alimwaga maji ya mitungi yote mitatu. Maji yalipotambaa chini, viluwiluwi vilirukaruka juu ya maua ya njano yaliyoanguka, vikatulia. Alisugua mitungi ndani kwa maganda ya nazi. Akaenda mtaroni, akafungua mlango wa mbao, akausikiliza mto ukichukua maji yake.

Mzee Khiem aliukata mti wa mai kwa msumeno, akipumzika mara kwa mara. Diep alitazama kutoka dirishani.

"Babu, ule si mti wangu?"

"Ulikuwa wako. Wewe umekaa, wenyewe umekwenda. Tutakupandia mwingine, na huo utautazama wewe, usimwachie mtu."

Thoa alijaza mtungi wa kwanza maji mapya, akatafuta kifuniko, akakumbuka vifuniko havikurudi. Akatia mkono mfukoni mwa blauzi. Kipande cheupe kilikuwa bado humo, kimefuliwa mara nyingi pamoja na blauzi. Akakikunjua juu ya mdomo wa mtungi. Kilitosha.

Mzee alisimama na msumeno mkononi. "Hicho ni kitambaa cha msiba."

"Najua, baba. Sikuufunga mti."

Mzee alikitazama. Kisha akaenda ghalani, akarudi na kipande cha mpira wa baiskeli, akainama, mgongo ukalia, wakakikaza pamoja kuzunguka shingo ya mtungi, mpaka hata mbu asipate pa kupita.

Asubuhi Thoa alichana karatasi mbili. Ya kwanza aliiandika kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye mlango wa Chin, ili kila mwenye mtoto apitaye aisome: "Homa ikishuka, shika miguu." Ya pili aliandika ya bustani, akaitia koponi. "Mai umekatwa. Maji ya mtaro yametoka. Miguu ya Diep ina joto. Nimeishika mwenyewe, mara tatu."