Maziwa ya Hakimu

Bibi Cherehani alikuwa amefika pale pa kusema basi. Gauni jeupe la harusi lilikuwa mezani likisubiri pindo, na Hakimu alikuwa amelala juu ya gauni. Udenda wake ulikuwa umechora ramani kifuani, palepale penye shanga.

"Hakimu! Shuka!"

Paka mzee alifumbua jicho moja, akamtazama kama anayetupilia mbali rufaa, akalifumba tena. Jina lake halikuwa la bure.

Siku zile alikuwa amemchosha kupita kiasi. Ukimwekea nyama anaikimbilia, anaing'ata mara moja, anaitema, halafu anaifokea sahani kana kwamba sahani ndiyo iliyomng'ata. Kisha huyo, mbio kwenye bakuli la mume wa Bibi kulamba viazi vya kupondwa.

"Umemdekeza wewe," Bibi alimwambia mumewe. Mtaa mzima ulimwita Breki, tangu enzi zake za kuendesha malori. Kinywani hakuwa na jino hata moja, na meno yake ya bandia yalishinda kwenye glasi dirishani kwa sababu, alisema, yanambana. "Paka wa wenzetu wanakula panya. Wako anapondewa viazi kama mkwe aliyekuja kutembea!"

"Anaumwa, mama watoto."

"Anaumwa deko! Mwenye duka la nafaka anakuja kumchukua jioni hii. Yeye ana panya, mimi nina paka. Tumemalizana."

Breki hakuwa mtu wa kubisha. Bibi alifua kifua cha gauni kwa vidole, taratibu, huku akisonya. Alipoinua macho alimkuta mumewe amechuchumaa jikoni, anasukuma kisosi cha maziwa chini ya pua ya Hakimu.

"Na maziwa ya chai yangu pia!" Alikinyakua kisosi na kukimwaga chote kwenye sinki.

Breki alishika kichwa. "Umemwaga dawa!"

"Dawa gani?"

"Vidonge vyangu vya maumivu. Nimemsagia kimoja." Alinyoosha kidole. "Mwangalie anavyotafuna. Anainamisha kichwa, anahamishia chakula upande mmoja, halafu anasimama kusikilizia. Hivyohivyo nilivyokuwa nakula mimi kabla sijang'olewa. Na mimi uliniambia nadeka."

Bibi alipiga magoti, akaufunua mdomo wa paka kidogo. Harufu ilimrudisha nyuma. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba, na magego yamegeuka kahawia. Hakimu akalia, akamparura.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia wiki nzima!"

"Ungesema kwa sauti basi!"

Ndipo mwenye duka akabisha hodi, kabeba sanduku lenye matundu.

"Hodi jirani, nimekuja kumchukua mfanyakazi wangu."

"Sanduku naliazima," Bibi alisema akilipokea. "Mfanyakazi yuko likizo ya ugonjwa."

Kwenye kliniki ya mifugo, daktari, binti mwenye miwani, alimwangalia Hakimu, naye Hakimu akamhukumu. Meno manne yameoza, alisema, lazima yang'olewe. Atapigwa sindano ya usingizi.

"Mzee huyu? Ataamka?" Breki aliuliza.

"Nitampima damu kwanza, Babu. Uzee una hatari yake, lakini maumivu nayo yanamnyima chakula, na njaa itamwangusha. Dawa ya watu hamjampa?"

Wazee walitazamana.

"Nilitaka kumpa," Breki alisema kwa shida. "Mke wangu aliimwaga."

"Mshukuru sana. Vidonge vyenu vya maumivu vinaua paka, hata kipande. Nitawapa dawa yake."

Bibi hakumtazama mumewe. Alimshika mkono tu, wakakaa kwenye benchi, na alimshika hivyo hadi mlango wa ndani ulipofunguliwa na Hakimu akatolewa amelegea, ulimi nje, lakini anapumua.

Nyumbani Bibi alimshonea paka kigodoro kwa mabaki ya kitambaa cha harusi, akakiweka sakafuni karibu na cherehani, asihangaike kuruka. Sahani aliipandisha juu ya kibao, shingo isiiname sana. Nyama aliichemsha, akaiponda mpaka ikawa laini, akaipasha vuguvugu. Pembeni aliponda viazi vya Breki. Mkono ulimuuma.

"Kitendawili!" aliita, mwiko mkononi.

"Tega!" Breki alijibu.

"Nina wazee wawili. Mmoja ana manyoya, mwingine ana kipara, wote wamekaa wananisubiri niwapondee."

"Hicho si kitendawili, ni malalamiko."

"Vaa meno yako basi, nipunguziwe mmoja!"

Breki alilitazama dirisha, glasi, halafu bakuli. "Yananibana."

Hakimu alimaliza sahani yake, akailamba hadi ikang'aa. Hakuifokea. Kisha akajikokota mpaka kwenye kigodoro cha harusi, akakizunguka, akakinusa, akakipita, akaenda kulala juu ya pindo la gauni lililoning'inia kutoka mezani.

"Hakimu!"

Paka akafumba macho. Bibi akasonya, akavuta kiti, akaanza kushona upande wa pili.