Laini ya Pili

Obed aliteleza juu ya mparachichi asubuhi, akaangukia kisiki, na kufikia saa sita mchana alikuwa akivuta pumzi kwa kuiba. Picha ya eksirei ilikuwa tayari, ila tabibu Jairo, aliyebaki peke yake kwenye kile kituo cha afya cha Kinyala, hakuthubutu kumtoboa kifua kabla daktari bingwa wa Mbeya hajaiona. Maporomoko ya udongo yalikuwa yameziba barabara ya Tukuyu na kuangusha mnara wa simu za mkononi. Zilibaki laini mbili za waya, za zamani, na kompyuta ya Linux iliyoweza kutuma picha kwa zote mbili kwa pamoja, kila laini na modemu yake, kifaa cha kupitisha data kwenye waya wa simu. Aliyeijua mashine hiyo ni karani Esnath, mke wa Obed.

Mtungi ulikuwa na oksijeni ya dakika arobaini. Kwa laini moja picha ingechukua saa nzima. Kwa mbili, nusu saa.

Modemu ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika, kisha ikaanguka, na picha ikaanza upya. Esnath akabadilisha waya, akabadilishanisha modemu. Ikaanguka tena. Akakosea nywila yake mwenyewe. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, maana nyuma ya pazia alimsikia mumewe akikorota. Akafungua kumbukumbu za mashine, akasoma mstari kwa mstari. Linux haina huruma, lakini haisemi uongo: modemu ni nzima, laini ndiyo haina mlio. Kuna mtu alikuwa ameinua mkonga wa simu.

Laini ile ilikuwa na simu nyingine nyumba ya jirani, kwa mzee Ambindwile, aliyekuwa mlinzi wa kituo miaka na miaka. Hakuna aliyekumbuka kuikata. Na mzee Ambindwile ndiye aliyemzaa Obed. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe, haingii alimo. Akimwona njiani hukimbilia migombani. Miaka kumi na moja ya ndoa, Esnath hakuwahi kuujua uso wa mzee yule. Lakini Jairo hakuweza kumwacha mgonjwa, na lisilobudi hutendwa. Akatoka mbio kwenye mvua.

Hakupiga hodi. Mzee alikuwa na mkonga sikioni, akibonyeza namba ya kituo, akatulia, akabonyeza tena, akitafuta habari za mwanawe. Alipomwona mkwewe aligeukia ukuta, akajifunika uso kwa koti. Mkonga hakuuachia.

“Baba, nisamehe,” Esnath alisema. “Ukiishika hiyo simu, Obed anakufa.”

Akamkunjua vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vya baridi, na mzee alikuwa akilia. Akaurudisha mkonga mahali pake, akakimbia kurudi kituoni.

Safari hii laini zote mbili zilishika. Picha ilifika mshale wa mtungi ukigusa sifuri. Esnath akazikata modemu, na papo hapo simu ikalia: bingwa alimwambia Jairo atoboe upande wa kushoto, sasa hivi. Hewa iliyokuwa imelibana pafu ikatoka kifuani kwa mlio mrefu, Obed akavuta pumzi nzima.

Mzee alikuwa nje mlangoni, amelowa, ameupa mlango mgongo. Desturi ilimtaka Esnath aondoke kwanza. Akautazama mkono wa mumewe ndani ya wake, akashindwa kuuachia.

“Baba, ingia umwone.”

Mzee akaingia kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka kisigino kikagusa kitanda, akanyoosha mkono nyuma yake na kuupapasa mguu wa mwanawe.