Damu ya Siwema

Mwaka 1993 Shomari alikuwa na kazi ambayo vijana wengi wa mtaani kwao Lemara waliitamani. Alikuwa fundi wa maabara katika mradi wa utafiti ulioendeshwa kwa ubia kati ya wataalamu wa hapa nchini na chuo kikuu kimoja cha Norwei. Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga pale Sekei, yenye bustani mbele na friji tatu sebuleni. Shomari alivaa koti jeupe, na kwa kuwa Kiingereza kilimkaa vizuri, wageni walipotaka kuzungumza na watu yeye ndiye aliyewatafsiria.

Mradi ulikuwa ukichunguza dawa za wadudu. Wakulima wa kahawa wa Akheri na Poli, kwenye miteremko ya Meru, walipulizia dawa kwa mabomba ya mgongoni, wengi wao wakiwa vifua wazi. Dawa zile zikiingia mwilini hushusha kimeng'enya fulani katika damu. Kikishuka sana, kichwa huuma, macho hutoka machozi, mikono hutetemeka, na mwisho pumzi huwa shida. Ilitakiwa damu ya wakulima arobaini, na ya watu wengine arobaini wa mjini wasiogusa dawa hizo kabisa, ili zilinganishwe.

Watu wa mjini alipewa Shomari awatafute. Akapata makarani, walimu, wauza vitambaa. Siku ya mwisho alikuwa amepungukiwa na mtu mmoja, na kesho yake damu ilikuwa iondoke na ndege. Daktari Elinami, Mmeru mpole aliyeongoza mradi kwa upande wa Tanzania, akasema hata ndugu wa mfanyakazi atafaa. Dereva akakumbuka kwamba Shomari ana dada Daraja Mbili. Shomari alipotoka maabara kumzuia, gari lilikuwa limeshapita geti.

Dada huyo, Siwema, alimzidi miaka kumi na miwili, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea. Miaka ile biashara ilikuwa imefanywa huria, kila mwenye duka akiingiza dawa za mashamba kutoka alikojua yeye, na madumu matupu yalizagaa kila mahali. Siwema aliyakusanya, akayasugua kwa mchanga na majivu kando ya mto, akawauzia wachota maji na mama lishe. Harufu ya kazi hiyo haikumtoka, hata siku ya Idi akiwa ndani ya kanga mpya.

Shomari alikuwa amewaambia wenzake kazini kuwa dada yake ni fundi cherehani. Siku moja, akitembea mjini na Lydia, nesi wa mradi, alimwona Siwema kwa mbali akisukuma mkokoteni wa madumu. Akavuka barabara, akajifanya anatazama viatu dirishani mwa duka la Mehboob mpaka mkokoteni ukapita. Hakuwa na hakika kama dada yake alimwona.

Sasa Siwema aliletwa, akaketishwa kwenye kiti mbele ya Daktari Marit, mtafiti mkuu kutoka Norwei. Lydia alikuwa chumba cha pili akipanga chupa. Daktari Marit akauliza jina, umri, mahali anapoishi, na Shomari akatafsiri. Kisha akauliza kazi.

"Mwambie naosha madumu ya dawa," Siwema alisema. "Nikishaosha nauza."

Shomari akamgeukia Daktari Marit, na kwa Kiingereza safi akasema kwamba dada yake ni fundi cherehani. Akaandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa, *tailor*. Alijiambia kuwa kuosha dumu si kupulizia dawa, kwamba matone yanayobaki ndani si kitu. Siwema aliitazama ile karatasi kwa muda, akamtazama mdogo wake, kisha akanyoosha kidole kichomwe.

Mashine ndogo ya mradi ilitoa majibu jioni ile ile. Watu wa mjini walikuwa salama isipokuwa mmoja, namba thelathini na saba. Kimeng'enya chake kilikuwa kimeshuka kuliko cha mkulima yeyote wa Akheri. Daktari Marit akarudia kipimo mara mbili, na mashine ikasema vilevile. Akamwita Shomari, akamuuliza kama ana hakika hakuna mahali dada yake anapogusana na dawa.

Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema, na Shomari aliujua. Lakini Daktari Elinami alikuwa amesimama pale, na Lydia pia. Akasema kwamba dada yake anashinda kwenye cherehani, na kwamba huenda chupa ilipata joto wakati wa kusubiri. Daktari Marit akafikiri kidogo, kisha akapiga mstari mwekundu juu ya namba thelathini na saba. Kesho yake wageni wakasafiri.

Kuanzia hapo Shomari hakulala vizuri. Jumamosi alikwenda Daraja Mbili akiwa na boksi la glavu za maabara.

"Shikamoo dada. Nimekuletea hizi, uvae unapoosha."

"Marahaba. Majibu yangu yalitokaje?"

Alimjibu kwamba bado, yamekwenda Ulaya. Siwema akavaa glavu moja, akashika dumu lenye maji, likamtoka mkononi. Akacheka, akaivua, akaendelea. Shomari alikaa kwenye jiwe akiangalia vidole vya dada yake vinavyotetemeka na macho yaliyojaa machozi, akatafuta namna ya kumwambia aache kazi ile leo hii, bila kumwambia amejuaje. Hakuipata. Akaaga akaondoka.

Miezi minane ikapita. Daktari Marit akarudi, na mradi ukaitisha semina mjini ili kueleza matokeo. Walikuja maofisa, wenye maduka ya pembejeo na wakulima. Shomari alipewa kazi ya kubadilisha picha kwenye projekta. Matokeo yakasomwa: wapuliziaji wako hatarini, wafundishwe kujikinga, watu wa mjini hawana tatizo.

Mwanamke mmoja wa Poli, Namnyaki, akaomba kuuliza. Alisema wao huko mlimani wanawauzia watu wa mjini madumu matupu, na wanasikia hutiwa maji ya kunywa. Je, hao wanaoyaosha na hao wanaoyanywea wamepimwa?

Daktari Elinami akamtafsiria mgeni swali, mgeni akajibu kwa unyenyekevu kwamba ni swali zuri, ila katika damu walizopima mjini hawakuona dalili yoyote, kwa hiyo hawawezi kusema kwamba hatari ipo. Namnyaki akashukuru, akakaa. Watu wakaandika kwenye madaftari yao kwamba hatari haipo.

Shomari alikuwa na mkono kwenye projekta. Alisikia uso ukiwaka kana kwamba taa ile ilikuwa imegeuziwa yeye. Hakusimama. Alibonyeza kitufe, picha nyingine ikaja.

Semina ilipokwisha hakungoja chakula. Alikwenda moja kwa moja mtoni, akamkuta dada yake amekaa chini kando ya madumu, anahema kama aliyepanda mlima. Safari hii hakumwamkia. Alimwambia yote akiwa amesimama: fomu, namba, mstari mwekundu, jibu alilopewa mwanamke wa Poli.

Siwema akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ile fomu niliisoma," alisema. "Neno lile liko kwenye kibao cha Surjit, jirani na ninapokaa. Kibao cha washonaji."

"Mbona hukusema kitu?"

"Niseme mbele ya mgeni wako kwamba mdogo wangu ananionea haya?"

Shomari akachuchumaa, akafunika uso kwa mikono. Dada yake hakumbembeleza. Baadaye Siwema ndiye aliyemwomba amshike mkono apate kusimama.

Asubuhi yake Shomari aliingia ofisini kwa Daktari Elinami, Daktari Marit akiwemo, akasema alichofanya. Hakuongeza sababu. Daktari Elinami akasema kwa sauti ndogo kwamba amemwaibisha mbele ya wabia, na hilo angeweza kulisamehe. Ila wanawake wangapi wameosha madumu kwa miezi minane kwa kuwa karatasi ilisema wako salama? Daktari Marit naye alisema kosa jingine ni lake, maana mashine ilimwambia mara tatu na yeye akachagua kuikatalia.

Wiki hiyo walipimwa wanawake kumi na wawili wa kando ya mto, Lydia akitafsiri. Saba kati yao kimeng'enya kilikuwa kimeshuka vibaya. Siwema alilazwa siku tisa, akatoka amekonda lakini anapumua, na madumu hakuyashika tena. Alianza kuuza mkaa. Namba yake ilirudishwa kwenye ripoti, na Daktari Elinami alipanda mwenyewe hadi Poli kumrekebishia Namnyaki jibu lake. Madumu sokoni hayakwisha. Wengine waliacha, wengine walisema watoto watakula nini.

Mkataba wa Shomari haukuongezwa. Alipata kibarua kwenye ghala la mbegu, na kila Ijumaa akitoka msikitini hupitia Daraja Mbili kumpangia dada yake magunia. Wanawake wa kule hawajui jina lake. Humwita mdogo wake Siwema, kwa wema tu, wakimkaribisha chai. Huitika, hupokea kikombe, na hukinywa akiwa ameinamisha macho.