Mguu wa Chirau

Chirau aliingia kwetu akichechemea mguu wa kushoto, uliofungwa bendeji. Akatoka akichechemea wa kulia. Niliona kwa sababu nilikuwa nikifagia uani, na anayefagia huona miguu kabla ya nyuso.

Kwetu ni Msambweni, nyumbani kwa shangazi yangu Biasha. Chumba cha mbele alikikodi Daktari Mulinge, Mkamba mpole aliyetibu wachezaji wa mpira. Jioni aliwakanda, mchana aliandika. Alikuwa amekusanya tafiti za nchi mbalimbali juu ya vifundo vya mguu vilivyoteguka, ili ajibu swali moja: mgonjwa apumzishwe, au atembezwe mapema?

Ripoti yake aliituma Ulaya kwa wahariri wa jarida. Ikarudi.

"Wanasemaje?" shangazi akamuuliza.

"Wanasema nimetoa jibu bila kueleza nilitafuta wapi, niliacha tafiti zipi, na kwa nini niliziacha."

"Masikini! Umewapikia pilau, wanataka kuona mpaka maganda ya vitunguu."

Daktari akanuna, hata chai hakuimaliza.

Juma hilohilo posa ya Chirau ya kunioa ikaletwa. Shangazi ndiye aliyenilea, kwa hiyo jibu lilikuwa lake, na mshenga angelifuata Ijumaa. Shangazi akaenda Gazi, kwao Chirau, kumuulizia kijana. Aliporudi alikuwa akitabasamu, nami nikajibanza nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama," daktari alisema kibarazani. "Habari za Gazi?"

"Marahaba. Kijana mzuri! Mstaarabu, hana neno na mtu."

"Ulimuuliza nani?"

"Mamake."

"Na nani mwingine?"

"Mamake mdogo."

Daktari akacheka mpaka kalamu ikamwanguka. "Hiyo hata wahariri wangu wangeirudisha! Wanaompenda wote umewauliza. Wasiompenda je?"

"Wewe uliyefeli ndiye unayenisahihisha?"

"Tumefeli darasa moja, mama."

Shangazi akafyonza. Lakini asubuhi alijitanda leso akaenda tena, na moyo wangu ukaenda naye. Wasiompenda Chirau wakisema neno zito, posa ingerudishwa, na mimi nisingethubutu kuitetea.

Alhamisi akaketi kibarazani, akasema kama aliye mbele ya kadhi.

"Nimeuliza nyumbani kwao, dukani na uwanjani. Kocha wake asema ni mbishi, tena hodari wa kujiangusha. Mwenye duka asema ana adabu, ila mzaha wake hauna breki. Jirani yao nimemsikiliza, lakini simhesabu, maana wanagombania mpaka wa shamba. Binti mmoja wa Ramisi aliyewahi kuposwa naye alikataa kusema. Kukataa kwake nakuleta vilevile, maana yake siijui. Kwa jumla kijana ni mwema, mbishi kidogo. Zaidi ya hapo siapi."

Safari hii daktari hakucheka. Aliingia ndani akaandika upya, na alipomaliza akatusomea kwa Kiswahili. Alianza na alikotafuta, akafuatisha tafiti alizoacha na sababu zake, ndipo akafika kwenye jibu: wengi waliotembezwa mapema walirudi kazini upesi, lakini tafiti zenyewe zilikuwa ndogo, kwa hiyo jibu hilo lisipigiwe vigelegele. Nilielewa yote, mimi niliyeachia shule darasa la tano.

"Isipokuwa mguu wa Chirau," akaongeza, akijikuna kichwa. "Namkanda, namtembeza, haponi. Sijasoma popote habari za mguu kama ule."

Nikautazama mkeka.

Kisha shangazi akaniita ndani, akaniuliza kama nimeridhia. Nikanyamaza. Kwa desturi yetu kimya cha mwari ndiko kukubali kwake, na Ijumaa mshenga akapewa jibu zuri.

"Mama, mshenga ungemwambia tu kuwa binti amenyamaza," daktari akamtania. "Sababu ya kunyamaza hukuiuliza."

"Chai yako inapoa, daktari."

Sababu ni hii, na hata Chirau mwenyewe sijamwambia. Wakati Gazi nzima ikiulizwa habari zake, mimi nilikuwa nayo moja ambayo hakuna aliyeifuata: mguu ule ulikuwa mzima tangu siku ya kwanza, na dawa aliyoijia haikuwa chumbani kwa daktari. Ningefungua kinywa, ningesema: ni mwongo wa miguu, na namtaka hivyohivyo.