Zamu ya Kagure Kusoma

Baba alikuwa amesema nikirudishwa Gredi ya Kwanza tena, nitabaki nyumbani na mbuzi. Na baba si mtu wa kutania. Kwa hiyo Mwalimu Kithaka alipoingia Gredi ya Tatu na lile sanduku la vishikwambi, nilijikunyata kwenye dawati.

Hata yeye hakuvipenda. Alivitoa kimoja kimoja akinung'unika kwamba wakubwa wa elimu kule Embu wanataka vitumike kila siku, si vikae stoo vikila vumbi.

"Leo kila mtu na chake, na hadithi yake," akasema. "Asiyejua kusoma nitamjua leo, na nitampeleka Gredi ya Kwanza mimi mwenyewe."

Wenzangu walishangilia. Mimi niliwaza mbuzi.

Heri nieleze nilivyokuwa nikisoma. Kitabu kimoja tulikitumia wanne, na pale katikati ya dawati maandishi yake yalikuwa siafu tu. Joyline, jirani yangu, akisoma, mimi nayashika maneno kichwani. Zamu yangu ikifika nayarudia bila kukosea, kidole nikikitembeza kwenye karatasi kwa madaha. Nilidhani kila mtu hufanya hivyo. Herufi zenyewe nilizijua, kwa sababu zimechorwa kwenye ukuta wa chekechea, kila moja kubwa kama sahani, na wakati wa mapumziko nilipenda kuzigusa.

Sasa Joyline alikuwa na hadithi yake ya fisi, na mimi nilikuwa na yangu, ambayo hakuna aliyenisomea.

"Kagure, simama usome."

Nikasimama. Kwenye kioo cha kishikwambi niliona siafu wale wale, nikamwona na baba akinikabidhi fimbo ya mbuzi.

"Tunangoja. Ama nikupeleke saa hii?"

Niliweka vidole kwenye kioo nijifanye ninafuata mstari. Vilitetemeka mpaka vikaachana, kimoja huku, kimoja kule, na maandishi yakavimba. Nikajua nimeharibu mali ya serikali na nikatamani ardhi inimeze. Kisha nikaona M, kubwa kama ile ya ukutani. Kando yake, A.

"Ma... ma. Mama. A-li-cho-ta. Mama alichota maji."

Nikaendelea hivyo, polepole, nikisukuma kioo kwa kidole. Mwalimu Kithaka alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mbona umeyafanya makubwa hivyo?"

"Ndiyo nione, mwalimu."

Akaenda ubaoni, akagonga kwa chaki. "Na hapa nimeandika nini?"

Nilitazama. "Mwalimu, kwani huwa unaandika hapo?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliwaambia wanyamaze, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Huendi Gredi ya Kwanza," akaniambia. "Jioni nitakuja kwenu niongee na babako."

Niliketi. Nilipaswa kufurahi, lakini nilikuwa bado nawaza ule ubao. Nikamnong'oneza Joyline, "Wewe unaona kule ubaoni?"

"Naona yote."

"Na hawa wengine?"

"Wote wanaona. Kwani wewe huoni, Kagure?"

Woga wa mbuzi ulikuwa umekwisha, na mwingine mkubwa zaidi ukakaa mahali pake. Siku zote nilikuwa peke yangu humo darasani, na hakuna aliyejua, hata mimi.